Miguu ya mbele ya pikapu ya zamani: kipi ununue kipya, kipi mtumba

Fundi akishatoka chini ya gari na kukwambia, "Bosi, miguu imekwisha," yaani vyuma na viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele vimechoka, maamuzi ya pesa yanaanza hapo hapo. Ununue orijino, ya kampuni nyingine, au uchukue mtumba? Ubadilishe boljointi (kiungo chenye tufe la chuma kinachoacha gurudumu ligeuke na kupanda) peke yake au mkono mzima (chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi)? Ufunge upande unaogonga tu au pande zote mbili? Kwa mtu anayebeba tumbaku kutoka Urambo au mpunga kutoka Igunga, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama gari litamaliza msimu.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa. Chuma kitupu unaweza kununua mtumba bila woga, lakini chochote kinachosuguana, kinachozunguka au kilichotengenezwa kwa mpira nunua kipya, na pesa nzuri kuliko zote iende kwenye boljointi na tairodi, yaani fimbo inayotoka kwenye usukani kugeuza gurudumu. Sehemu nyingine za miguu zikifa zinakuudhi. Hizo mbili zikifa, gurudumu linalala chini au usukani unabaki mkononi bila kazi, na gari lina tani nzima mgongoni.

Miguu yako ni ya aina gani?

Hilux za LN106, zilizotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, zina ekseli moja nzima mbele, iliyofungwa kwenye springi za bapa. Hazina mikono wala boljointi za kubeba mguu. Gurudumu linageukia kwenye beringi mbili, ya juu na ya chini, na kinachochoka ni beringi hizo, bushi za springi (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye matundu ya bolti) na shakoli zake zinazoishikiza springi kwenye chasisi, pamoja na tairodi. Kama gari lako ni hilo, chukua hapa ya tairodi na ya manunuzi, mengine hayakuhusu.

Ninayoyalinganisha yanahusu pikapu zenye mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, ambao gereji wengi wanauita wishboni. Hilux nyingi za namna hiyo kabla ya Vigo, na Nissan Hardbody, zinabebwa na toshen baa, yaani fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa gurudumu linapopanda. Vigo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, inabebwa na springi ya koili iliyokaa kwenye mkono wa chini, na usukani wake ni wa raki (fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia) badala ya boksi la gia linalosukuma mkono.

Tofauti hii si ya kujua kwa kujua. Mkono uliobeba springi au toshen baa ndio uliobeba gari, na boljointi ya mkono huo ndiyo inayochoka kwanza. Ingia chini uangalie kwa macho yako toshen baa imeshikana na mkono upi, maana magari yanatofautiana.

Pima kabla ya kwenda dukani

Watu wengi wananunua boljointi wakati kinachocheza ni beringi. Nyanyua gurudumu, weka stendi au gogo imara chini ya chasisi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu, ambayo mara nyingi inataka grisi na kukazwa tu. Ukibaki, ni boljointi. Shika tena kushoto na kulia: mchezo wa hapo unatoka kwenye tairodi, au kwenye aidola (mkono unaoshikilia fimbo za usukani upande wa pili) kwa gari la boksi, au kwenye raki kwa Vigo.

Mahali pa kuweka jeki pana maana kubwa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Boljointi iliyobeba uzito haionyeshi mchezo wake wakati springi bado inaibana. Kama springi au toshen baa iko mkono wa chini, jeki ikae chini ya mkono huo, karibu na gurudumu. Kama toshen baa iko mkono wa juu, ingiza kwanza kipande cha mbao kati ya mkono wa juu na chasisi ili mkono usishuke, ndipo unyanyue chasisi. Fundi akinyanyua popote tu, akatikisa na kukuambia boljointi ni nzima, bado hajapima.

Boljointi na tairodi: hapa usibane pesa

Orijino ya Toyota inakaa bila kulazimishwa, na grisi ya ndani na mpira wake wa kuzuia vumbi ni vya uhakika. Ubaya wake ni bei. Kwa bei ya moja unaweza kupata mbili za kampuni nyingine nzuri, wakati mwingine zaidi, na kwa Tabora mara nyingi lazima iagizwe. Kama gari ni lako mwenyewe, linabeba familia, na unakusudia kukaa nalo miaka mingi, orijino ina haki yake.

Kwa pikapu ya kazi yenye umri wa miaka 20 na kuendelea, mimi nachagua ya kampuni nyingine inayojulikana: 555 ya Sankei kutoka Japani, au CTR ya Korea Kusini. Sababu yangu si bei peke yake. Pesa inayobaki inakuwezesha kufunga pande zote mbili kwa siku moja, na miguu miwili yenye boljointi nzuri ni bora kuliko mmoja wenye orijino na mwingine uliochoka. Tatizo ni kwamba majina yanayouzika sana ndiyo yanayoigwa sana, kwa hiyo usinunue boksi, nunua kilichomo. Itoe boljointi, ushike shingo yake na kuizungusha pande zote. Mpya iliyo nzuri ni ngumu, na ugumu wake ni sawasawa kila upande, bila mahali inapoachia ghafla wala inapokwaruza. Mpira wa kuzuia vumbi uwe laini, usiwe na mikunjo ya kukauka. Sehemu iliyochongoka inayoingia kwenye nako, chuma kinachogeuka pamoja na gurudumu, iwe nyororo. Na fundi aichomeke kwenye nako bila nati kwanza: ikiyumba hata kidogo, irudishe dukani.

Halafu kuna zile zisizo na jina, zinazouzwa kwenye mfuko mweupe. Zinavutia kwa bei, na nyingine zinadumu vizuri tu. Shida ni kwamba mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa kwa ndani, ugumu wa chuma na ubora wa kikombe cha plastiki kinachoshika tufe la chuma, na hakuna njia ya kuliona hilo dukani. Kwenye kilinki cha stabilaiza, kifimbo cha ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, nitakubali kubahatisha namna hiyo. Kwenye boljointi iliyobeba gari sikubali.

Mtumba? Kwa boljointi na tairodi, hapana. Hata ikitoka kwenye gari lililotembea kidogo huko Japani, huwezi kupima kilichobaki, na mpira wake umeshazeeka. Na ile tabia ya kuipiga boljointi iliyolegea kwa nyundo ili ibane, au kuipiga moto wa kuchomelea, ni ya kukataa waziwazi mbele ya fundi. Mchezo unapungua kwa siku chache, lakini chuma kilichopashwa moto hivyo kimeshapoteza nguvu yake, na plastiki ya ndani imeshayeyuka.

Mpira wa kuzuia vumbi nimeutaja mara mbili kwa makusudi. Lami imefika Nzega, Sikonge na Urambo, lakini mzigo haupo kwenye lami. Upo kwenye njia za mchanga kati ya miombo, na masika upo kwenye udongo mweusi wa mbuga za Igunga, ule unaonata kila mahali na kukauka ukiwa mgumu. Boljointi yenye mpira uliopasuka, hata iwe orijino, mchanga ukishaingia grisi inageuka kuwa kitu cha kusagia chuma. Ndiyo maana kati ya boljointi mbili zenye sifa sawa, nachukua yenye tundu la kupigia grisi. Grisi mpya inasukuma uchafu nje. Ipigwe polepole hadi mpira uvimbe kidogo, kisha uache. Ukizidisha unaupasua mwenyewe.

Kwenye tairodi, sheria ya ununuzi ni hiyo hiyo. Fundi ahesabu mizunguko anapofungua ya zamani, na mpya iingie kwa mizunguko ile ile, ili gari liweze angalau kufika kwenye alaimenti (kupimwa na kunyooshwa kwa magurudumu) bila kula tairi. Nati yenye meno ikishakazwa na tundu la pini halijalingana, isogezwe mbele hadi tundu linalofuata, isirudishwe nyuma. Na pini iwe mpya. Pini ni ya bei ndogo kuliko soda, hakuna sababu ya kurudisha iliyokunjwa mara tatu.

Mkono mzima au sehemu tu?

Kwenye Hilux nyingi za toshen baa, boljointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti. Unaitoa, unaweka nyingine, mkono unabaki. Hapo kununua mkono mzima ni kutupa pesa, isipokuwa mkono umepinda au umeliwa na kutu. Kwenye baadhi ya pikapu boljointi ya juu inaingia kwa presi (mashine ya kugandamiza) na kushikwa na klipu. Kama gereji haina presi, mkono kamili uliokuja na boljointi na bushi zake unaweza kukuokoa kazi ya kugonga nyundo mchana kutwa, kazi inayoweza kupindisha tundu na kuiacha boljointi mpya ikicheza.

Hapa ndipo mtumba unapopata nafasi yake. Mkono wa chuma uliotolewa kwenye gari la Japani, ukiwa mnyoofu na bila nyufa, ni mzuri kama mpya. Ununue kwa chuma chake tu, bushi na boljointi zilizomo uzihesabu kuwa hazipo. Angalia sana kutu, kwa sababu magari ya kaskazini ya Japani hutembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo inakula mikono na chasisi. Gonga kwa nyundo ndogo sehemu za kuchomelea na za pembeni. Kutu ya juu inapanguka kwa brashi. Inayotoka kwa magamba, uache mkono huo.

Kabla ya kukubaliana bei ya kazi, mwambie fundi ajaribu kwanza bolti za kamu za mkono wa chini, zile zinazorekebishia alaimenti. Kwenye pikapu za zamani hushikana kwa kutu ndani ya bushi hadi zinakatwa kwa gurudumu la kukatia. Zikikatwa, unahitaji bolti mpya na bushi mpya, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima. Afadhali ulijue hilo mapema kuliko gari likiwa tayari juu ya mawe.

Bushi: mpira, plastiki ngumu au za kuchonga

Mada hii ina ubishi mwingi kuliko zote, na kwa mazingira ya Tabora nadhani jibu ni wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Bushi ya mpira ya kawaida imegandishwa kwenye pipa lake la chuma nje na ndani. Mkono unapopanda na kushuka hakuna kitu kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojisokota na kurudi. Kwa hiyo hakuna mwanya wa mchanga kuingia. Inameza mitikisiko ya changarawe, haipigi kelele, wala haitaki grisi. Udhaifu wake ni mafuta, yakivuja juu yake yanaulainisha mpira hadi unaoza, na kwamba inapasuka mapema ikifungwa vibaya.

Bushi ya poliyurethani, ile plastiki ngumu yenye rangi nyekundu, njano au bluu, haiogopi mafuta na inafanya usukani uitike haraka. Watu wa magari ya mashindano wanaipenda kwa haki. Lakini yenyewe inazunguka juu ya pipa la chuma, na mzunguko huo unategemea grisi maalumu. Kwenye mchanga, grisi hiyo inakamata vumbi, bushi inaanza kulia kama mlango wa ghala, kisha inasaga pipa lake. Pia inapeleka kila mshtuko kwenye chasisi, na chasisi ya gari la miaka 25 haihitaji mshtuko wa ziada. Kwa gari linaloshinda kwenye lami na lenye mwenye kuifungua na kuipaka grisi mara kwa mara, sawa. Kwa gari linalolala Sikonge vijijini, mpira.

Bushi za kuchonga, za nailoni au za mpira wa tairi, zinatengenezwa na mafundi wenye mashine za kuchongea vyuma na ninawaheshimu kwa ustadi wao. Zinafaa pale spea haipatikani kabisa, au kwenye bushi za springi za bapa za nyuma. Kwenye mikono ya mbele sizipendi: nailoni haijisokoti wala haimezi mshtuko, hivyo mshtuko unahamia kwenye bolti na kwenye tundu la chasisi, na tundu likishatanuka gharama yake si ya bushi tena.

Ukinunua bushi nzuri za mpira, linda pesa yako kwa jambo moja ambalo gereji nyingi zinaliruka. Bolti za mikono zisikazwe mwisho gari likiwa limenyanyuliwa na miguu inaning'inia. Zishikizwe tu, gari lishushwe chini, lisukumwe mbele na nyuma kidogo likae kwenye kimo chake, ndipo zikazwe. Zikikazwa miguu ikining'inia, mpira unagandamizwa kwenye mkao wa chini, na kila gari linaposimama tu tayari umesokotwa. Bushi za namna hiyo hupasuka mapema sana, na duka linalaumiwa bure. Na kama hakuna presi, bushi ivutwe ndani kwa bolti ndefu, bomba na washa nene. Isigongwe kwa nyundo moja kwa moja kwenye ukingo.

Toshen baa na shokapu

Toshen baa yenyewe mara chache sana huhitaji kununuliwa. Gari likiwa limeinama mbele, inarekebishwa kwa bolti yake ya nyuma. Tahadhari ni mbili. Ya kushoto na ya kulia hazibadilishani, kwa hiyo ziwekwe alama kabla ya kutolewa, pamoja na alama ya meno zinapokaa. Na usikubali kukazwa kupita kimo cha kawaida ili gari lionekane limesimama juu. Boljointi zinabaki zimepinda kwenye pembe mbaya muda wote, safari inakuwa ngumu, na kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne mipira ya shafti za mbele inachanika.

Shokapu haibebi gari, kwa hiyo kubadilisha shokapu hakunyanyui gari lililoinama. Ibadilishwe ikivuja mafuta au gari likiendelea kuruka baada ya shimo. KYB au Monroe, za mafuta au za gesi, zote zitafanya kazi. Za gesi zinahimili zaidi barabara ndefu ya changarawe bila kulegea zikipata joto. Shokapu ya mtumba usinunue.

Upande mmoja au pande zote?

Boljointi, shokapu na bushi za mikono: pande zote mbili pamoja, kwa sababu zimetembea umbali ule ule na gharama ya kazi unailipa mara moja. Tairodi unaweza kubadilisha upande mmoja kama mwingine umepimwa na ni mzima. Mkono uliopinda kwa kugonga kisiki ni wa upande huo tu.

Kununua Tabora au kuagiza

Duka la mjini lina faida ambayo bei haionyeshi: unaingia na boljointi yako ya zamani mkononi, unailinganisha, na isipokaa unarudi mchana huo huo. Kariakoo ina aina nyingi zaidi na mara nyingi bei nafuu, lakini ni zaidi ya kilomita 800, na kilichokosewa kinarudi kwa nauli yako. Kwa hiyo boljointi na tairodi za Hilux, ambazo ni za kawaida, nanunua mjini hata kwa bei iliyoongezeka kidogo. Naagiza mikono ya mtumba, bolti za kamu na vitu vya gari lisilo la kawaida. Ukiagiza, tuma namba ya chasisi na picha ya kile cha zamani kikiwa kando ya rula. Mwaka wa gari peke yake hautoshi. Hilux za mwaka mmoja zinaweza kuwa na miguu ya aina mbili tofauti.

Baada ya kazi yoyote ya mikono au tairodi, gari lipelekwe alaimenti. Kama mashine haipatikani siku hiyo, fundi apime kwa kamba au rula umbali kati ya matairi mawili upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, mbele pawe pafinyu kidogo kwa milimita chache. Hiyo inakufikisha tu. Kwa safari za mzigo, subiri mashine.

Na kama mfuko hautoshi kwa yote, mpangilio wangu ni huu: boljointi zilizobeba uzito kwanza, pande zote, tairodi inayocheza, kisha boljointi za mikono mingine, kisha bushi za mkono wa chini na wa juu, shokapu, na mwisho kabisa vilinki na bushi za stabilaiza, ambavyo vitaendelea kugonga na kukukera lakini havitakuangusha. Gari lenye boljointi iliyobeba uzito inayocheza lisipakiwe mzigo wakati unatafuta pesa.